Visu vya Mangobo

Mhunzi wa Mangobo hutafutwa kwa sikio. Kijana wa toleka aliyenibeba kutoka katikati ya mji hakujua jina la njia tuliyokuwa tukiifuata. Alijua tu kwamba ukishawapita wauza makaa utaisikia nyundo. Toleka ni baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, na ndiyo iliyoubeba mji wa Kisangani miaka ya vita vya Kongo, petroli ilipokuwa haipatikani. Siku hizi pikipiki zimezidi, lakini kwa safari ya kutafuta sauti baiskeli ni bora zaidi. Tuliziacha nyuma nyumba za Makiso zilizojengwa zama za Wabelgiji, pamoja na vibao vya wanunuzi wa almasi vilivyochorwa ukutani, tukaingia Mangobo ambako lami inakwisha na watu wanaongezeka. Hapo nikaisikia: mapigo mawili mazito, moja jepesi, kimya kidogo, halafu tena.

Kibanda kina nguzo nne na mabati yaliyotoboka. Ndani ni giza. Mbele, upande wa barabara, ipo benchi ya mbao iliyolazwa juu ya magogo mawili, na juu yake visu. Benchi hiyo ndiyo iliyonileta. Nilitaka kuona kisu kinavyouzwa na mtu aliyekifua kwa mikono yake, uso kwa uso na mtu atakayekitumia, kwa sababu biashara ya namna hiyo ina adabu zake, na naamini adabu hizo zinaeleza mengi kuhusu thamani ya kazi kuliko bei yenyewe.

Visu vimelazwa kwa safu, mipini yote ikimwelekea mnunuzi, ncha zote zikimwelekea mhunzi. Vidogo viko karibu, vikubwa nyuma yake, na mapanga machache yamewekwa mwisho kabisa, upande ambao mkono wa mpita njia haufiki. Kati ya kisu na kisu pameachwa nafasi ya kiganja ili anayeinua kimoja asigonge kingine. Mhunzi, mzee mwenye mvi kidevuni na kovu la moto linalong'aa juu ya mkono wa kulia, hakunieleza mpangilio huo wala hakuwa na haja. Ukisimama mbele ya benchi unaona mwenyewe nani amekubali kukaa upande wa hatari.

Mama mmoja muuza samaki alifika nikiwa bado nasalimia. Alisimama hatua moja kutoka benchini.

"Jambo, papa."

"Jambo sana, mama."

Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua iliyonyesha usiku. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuchagua, hilo lilionekana wazi, lakini mikono ilibaki imeshika kitenge. Kisha akauliza, "Nishike kile?" Mzee akajibu, "Shika, mama." Ndipo akanyoosha mkono.

Hakupitisha kidole kwenye makali. Alikiinua kisu hadi usawa wa jicho, akautazama mgongo wake toka mpini hadi ncha, aone umenyooka au umepinda. Akakilaza juu ya kidole kimoja, pale chuma kinapokutana na mpini, ajue kinaelemea wapi. Akaligonga bapa kwa ukucha na kusikiliza. Mwisho akaomba kitu cha kukata, na mtoto anayezungusha gurudumu la kupulizia moto akamletea jani la muhogo. Mama akalining'iniza kwa mkono wa kushoto na kulipasua hewani bila kulivuta. Alipomaliza hakumkabidhi mzee kisu mkononi. Alikirudisha benchini pale pale alipokitoa, ncha ikitazama kule kule ilikokuwa ikitazama. Mzee akakiokota, akakifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya mawese, akakilaza tena.

Kisu kinachotoka mkono hadi mkono kina nukta moja ambayo hakina mwenyewe: huyu ameshaachia, yule hajashika sawasawa. Watu wengi hukatika hapo. Kukilaza mezani kunaiondoa nukta hiyo. Na kile kitambaa cha mafuta hakikuwa cha kumwonyesha mama kwamba mikono yake ni michafu. Jasho la vidole lina chumvi, na chuma hiki hakina kinga ya kutu. Kisangani iko karibu sana na Ikweta, kando ya mto mkubwa, katikati ya msitu. Hewa yake ina maji mwaka mzima. Alama ya kidole iliyoachwa juu ya bapa lililong'arishwa jioni huonekana asubuhi ikiwa na rangi ya kahawia.

Wanaofuatilia mambo haya watajua kwamba kuna nchi ambako visu vya kufuliwa kwa mkono vina maonyesho yake rasmi. Marekani mafundi waliunda chama chao, Knifemakers' Guild, mwaka 1970, na maonyesho makubwa ya Blade Show hukusanya mamia ya mafundi mjini Atlanta. Kila fundi ana meza yake, na wageni hufundishwa adabu ambazo yule mama wa samaki angezitambua mara moja: uliza kabla ya kushika, usiguse makali, usikichezeshe kisu cha kukunja ukikifungua na kukifunga, usilete kisu cha fundi mwingine ukakisifu mbele ya huyu, usiizibe meza kwa maongezi wakati nyuma yako amesimama mtu aliyekuja kununua. Mangobo haikuziiga kutoka Atlanta, wala Atlanta haikuzitoa Mangobo. Mtu akikaa wiki nzima na kipande kimoja cha chuma, halafu mgeni akakiokota bila salamu, moyo wake utashtuka namna ile ile popote alipo.

Lakini kuna jambo moja ambalo Atlanta wanalo na Mangobo haina, nalo ndilo lililonisumbua tangu niliposimama mbele ya benchi ile. Kule, kitu cha kwanza mnunuzi anachotazama ni jina. Karibu na mpini, juu ya bapa, fundi amegonga jina lake au muhuri wake, na jina hilo linaweza kuongeza bei mara kumi. Visu vya Bob Loveless, mmoja wa waanzilishi wa chama kile, hutafutwa hadi leo ingawa mwenyewe alifariki mwaka 2010. Visu vya Mangobo nilivigeuza kimoja kimoja, kwa ruhusa. Havina jina. Kuna alama tu, chale tatu fupi zilizokatwa kwa tupa kwenye mgongo wa kisu, karibu kabisa na mpini. Nitairudia alama hiyo. Kwanza niingie ndani ya kibanda.

Giza la mle ndani lina kazi. Mhunzi hana kipimajoto. Anasoma joto la chuma kwa rangi yake, na rangi hiyo jua linaificha: chuma kinachoonekana cheusi barabarani, kivulini ni chekundu tayari kuunguza. Kwa hiyo fuawe, ambayo ni kipande kifupi cha reli kilichosimikwa kwenye gogo, imewekwa pembe ya ndani kabisa, na moto uko mkabala wake. Moto ni wa makaa, hupulizwa na feni ndogo inayozungushwa na gurudumu la baiskeli kwa mkanda wa mpira. Zamani ilikuwa mivukuto ya mbao na ngozi. Katika mji wa baiskeli, gurudumu limeichukua kazi hiyo, na mtoto anayelizungusha anajifunza kabla hajaruhusiwa kushika nyundo, kwa sababu kupuliza kupita kiasi kunaunguza chuma mpaka kitoe cheche, na chuma kilichotoa cheche hakifai tena.

Chuma chenyewe ni mabamba ya springi za malori. Barabara za mkoa wa Tshopo zinavunja springi kila siku, na kila springi iliyovunjika ni visu kadhaa. Si kila chuma kingefaa. Nondo ya ujenzi ni laini mno, haishiki makali. Springi ina kaboni ya kutosha, karibu nusu ya asilimia au zaidi kidogo, na mara nyingi ina kromiamu. Ilitengenezwa iweze kupinda na kurudi, na tabia hiyo haipotei ikifuliwa vizuri. Mzee alikata kipande kwa patasi kingali cha moto, akakinyoosha, kisha akaanza kukivuta kuelekea ncha kwa yale mapigo mawili mazito na moja jepesi. Lile jepesi halikipigi kisu: huangukia fuawe tupu, wakati jicho linachunguza na mkono unakigeuza chuma upande wa pili.

Nilikaa muda mrefu kwenye hatua inayofuata, kwa sababu ndiyo inayotenga kisu na kipande cha bati. Kisu kilipokwisha kupata umbo na kupigwa tupa, mzee alikirudisha motoni na kukipasha polepole hadi kikawa na wekundu wa machweo, bila doa jeusi wala doa la njano. Aliwahi kuwa na sumaku, akasema, iliyotolewa kwenye spika ya redio. Chuma kikifika joto lile sumaku haikishiki tena, na hapo fundi anajua wakati umefika. Ilipopotea akagundua kwamba jicho limekwisha kuizoea rangi. Akakizamisha kisu, ncha mbele, wima, katika debe la mafuta machakavu ya injini. Moshi ukapanda, ulimi wa moto ukawaka na kuzimika. Hakutumia maji. Chuma cha springi kikizimwa kwenye maji huweza kupasuka ufa mwembamba usioonekana, na mnunuzi ataugundua siku kisu kitakapokatikia ndani ya mfupa.

Wakati ule kisu ni kigumu lakini hakifai kitu, maana kikianguka sakafuni kinavunjika. Lazima kipashwe mara ya pili, kwa moto mdogo sana. Alisugua upande mmoja kwa jiwe hadi ukang'aa, akaweka mgongo wa kisu juu ya bamba la chuma lililopashwa, makali yakiwa juu, akaniita nisogee. Rangi zikaanza kutembea juu ya chuma: njano hafifu ya majani makavu, kisha njano ya dhahabu, kisha kahawia, zikitoka mgongoni kuelekea makali. Nyuma yake ilifuata zambarau, na nyuma ya zambarau buluu. Mzee alingoja dhahabu ifike makalini huku mgongo ukiwa umekwisha kuwa wa buluu, akakiondoa kisu papo hapo na kukichovya. Dhahabu ni ugumu unaoshika makali. Buluu ni ulaini unaokubali kupinda. Kisu kimoja kimepata tabia mbili, na kazi nzima ilidumu muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Sijui kazi nyingi za mikono ambazo zinahitaji uamuzi wa haraka kiasi hicho baada ya subira ndefu kiasi kile.

Vingi vya visu vya benchini ni vya mtu yeyote. Vile anavyovijali zaidi viko ndani, vimefungwa kwa gunia, kila kimoja kina mwenyewe. Mama wa samaki huagiza kisu chembamba kinachopinda kidogo, kipite juu ya mfupa bila kuacha nyama. Muuza pondu anataka kipana na chepesi, maana atakata majani ya muhogo kutwa nzima. Wavuvi wa Wagenia, wale wanaotega mitego yao mikubwa ya vikapu kwenye maporomoko kwa kuifunga juu ya milingoti, wanataka kifupi chenye tundu mwisho wa mpini, kipitishwe kamba na kuvaliwa mkononi. Kisu kikiponyoka katika maji yale hakipatikani tena. Mchinjaji anataka mgongo mnene. Na mtu anayetumia mkono wa kushoto lazima aseme mapema, kwa sababu kisu kilichonolewa upande mmoja tu humtii yule aliyepimiwa: cha mkono wa kulia kikishikwa na wa kushoto hukimbia nje ya mstari.

Kupima ni jambo la heshima. Mzee humwomba mteja afunge ngumi kuzunguka kijiti, kisha hukata alama mbili za tupa, moja juu ya ngumi na moja chini yake. Hicho ndicho kipimo cha mpini. Mpini wenyewe hutoka kwenye mabaki ya maseremala, na mara nyingi ni afrormosia, mti wa msitu wa Tshopo ulio mzito, wa rangi ya asali inayogeuka nyeusi kwa mafuta ya mikono. Mti huo umewekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES tangu mwaka 1992 kwa kuwa ulikatwa mno ukasafirishwa nje. Wahunzi hawaukati, wanaokota vipande ambavyo vingechomwa. Mkia wa kisu hupashwa na kusukumwa ndani ya mbao ukiunguza njia yake wenyewe, halafu shingo ya mpini huzungushiwa waya wa shaba uliofinywa sana.

Waya ule wa shaba ni wa kale kuliko mji. Ukienda katika majumba ya makumbusho ya Ulaya utauona kwenye mipini ya visu vilivyofuliwa katika bonde hili la Kongo kabla ya reli, kabla ya kituo cha Stanley cha mwaka 1883, kabla Tippu Tip hajawa gavana wa maporomoko haya mwaka 1887. Mwaka 1870 msafiri wa Kijerumani Georg Schweinfurth alifika katika baraza la Munza, mfalme wa Wamangbetu, kaskazini-mashariki ya hapa, akaandika kwa mshangao juu ya kazi ya wahunzi wake. Wamangbetu walikuwa na kisu kilichopinda kama mundu, ambacho watu wa cheo walikishika mkononi wakiwa barazani. Wazande walikuwa na kpinga, chuma chenye mbawa tatu cha kurusha. Hapa karibu, kando ya mto, Walokele na Watopoke walifua liganda, bamba la chuma lenye umbo la mkuki ambalo linaweza kumzidi mtu kwa urefu. Liganda halikwenda vitani. Lilikuwa mali, na lilitolewa mahari; chuma kilikuwa benki kabla benki hazijafika.

Kati ya mwaka 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walikusanya maelfu ya vitu katika nchi ya Wamangbetu na majirani zao kwa ajili ya jumba la makumbusho la historia ya asili la New York. Njia yao ilipitia mji huu, ulioitwa Stanleyville wakati ule. Tervuren, karibu na Brussels, kuna makabati mengine yaliyojaa. Na nje ya makumbusho liko soko: visu vya Kongo huuzwa katika minada ya Paris na Brussels, vina wakusanyaji wake, vina vitabu vyake vya picha. Vitabu hivyo hutaja kabila, hutaja urefu kwa sentimita, mara nyingi hutaja jina la Mzungu aliyekileta kisu na jina la kila aliyekimiliki baada yake. Jina la aliyekifua karibu kila mara halipo. Halikupotea kwa bahati mbaya. Hakuna aliyeuliza. Wakati fundi wa Marekani analindwa na jina lake hata baada ya kufa, mhunzi wa bonde la Kongo, ambaye kazi yake inawekwa nyuma ya kioo na kumulikwa taa, ameandikwa "Mangbetu" au "Topoke", kana kwamba kabila zima lilishika nyundo moja.

Nilimweleza mzee habari hizo. Alisikiliza huku akisugua bapa kwa mchanga laini. Akasema kwamba huja watu kumwomba afue visu kwa mtindo wa kale, kisha avizike katika udongo wenye maji msimu mmoja, vishike kutu, viuzwe kwa wageni kuwa vya zamani. Visu vya mtindo huo anavifua akiombwa. Kuvizika anakataa. "Nikizika kisu changu, nimejizika mwenyewe," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Vilevile hatii pembe ya ndovu katika mpini, hata mteja akija nayo mkononi. Nadhani yeyote anayenunua kisu Kisangani anapaswa kujua mambo haya mawili kabla ya kufungua pochi: pembe ni kosa la sheria hapa na mpakani, na kutu nyingi kwenye kisu chenye umbo jipya ni ushahidi dhidi ya muuzaji.

Mapanga yale ya mwisho wa benchi yana habari yake peke yake, nami siwezi kuiruka. Ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga na njia zinazotoka huko, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliolipuka mwaka 2023 umeua mamia ya watu, na maelfu walikimbilia mjini. Panga lilitumika. Panga ni chombo cha mkulima, hakuna shamba la msituni linalofyekwa bila panga, na mhunzi hawezi kuacha kulifua. Lakini tangu siku zile mzee ana kanuni. Mnunuzi wa panga haulizwi kabila lake. Anaulizwa shamba lake liko wapi na anapanda nini. Mkulima hujibu bila kufikiri, tena huongeza habari za panya waharibifu na mvua iliyochelewa. Anayesita huambiwa kwamba mapanga yote yana wenyewe. Hauzi panga baada ya magharibi. Hauzi mapanga mengi kwa mtu mmoja. Kijana mmoja alikuja nikiwa hapo, akaelekeza kidole bila salamu. Mzee alilivuta panga upande wake wa benchi, akalifunika gunia, akaendelea kusugua. Kijana akasimama kidogo, akaenda zake. Sitadai kwamba kanuni ya mzee mmoja inazuia vita. Nasema tu kwamba katika biashara ya visu, kumtazama mnunuzi machoni ni sehemu ya kazi sawa na kupasha chuma, na muuzaji asiyefanya hivyo hajamaliza kazi yake.

Bei haisemwi na mtu wa kwanza kuzungumza. Mnunuzi husema, "Papa, tusaidiane," na mzee hutaja. Mama wa samaki aliambiwa faranga elfu ishirini. Hakusema ni ghali. Hakusema kwamba sokoni vipo vya kiwandani vinavyoletwa na maboti kutoka Kinshasa kwa nusu ya bei, ingawa vipo na wote wawili walijua. Alisema, "Samaki ni wachache mwezi huu, papa." Mzee akatazama kisu, akasema kumi na nane. Mama akatoa kumi na tano, akazihesabu polepole juu ya mbao, akanyamaza. Baadaye akaongeza elfu moja. Ikatosha. Katika mazungumzo yote hayo kisu hakikutukanwa hata mara moja. Mteja anayetaka kupunguziwa anasema habari za mfuko wake, hasemi ubaya wa kazi. Ukisema kazi ni mbaya umefunga mlango, kwa maana utakuwa unataka kununua kitu kibaya, na mhunzi hatakuuzia hata ukirudi na bei kamili.

Matabishi, yaani nyongeza ya bure, yapo: mzee alikinoa upya kisu kile juu ya jiwe la mtoni, akakifunga kwa jani kavu la mgomba na kamba, akamwambia akilete tena makali yakiisha, asimpe mtu wa msasa wa umeme. Msasa wa umeme hupasha makali haraka kuliko jicho linavyoona, ile dhahabu inageuka buluu, na kisu kinakufa bila kuonyesha jeraha.

Sasa ile alama. Chale tatu za tupa. Nilimuuliza kwa nini hakuandika jina. Alinijibu kwamba watu wa hapa wanaujua mkono wake, na kweli wanaujua. Yule mama alipogeuza kisu alipapasa mgongo kwa kidole gumba mpaka akazikuta chale, hakuangalia hata kidogo. Babake alikata mbili. Yeye, alipoanza kufua peke yake, aliongeza ya tatu. Nikamwambia kwamba visu vyake vinasafiri. Wanafunzi wa chuo kikuu wanavibeba hadi Bunia na Kinshasa, wageni wa mashirika wanavipeleka mbali zaidi, na huko hakuna anayejua chale tatu ni nani. Miaka mia ijayo mtu atakiweka kimoja juu ya meza yenye taa na kuandika chini yake "Kisangani", basi. Mzee alinyamaza. Akachukua kisu kilichokuwa magotini, akakitazama pale karibu na mpini, penye nafasi. Akasema herufi zinahitaji muhuri wa chuma kigumu kuliko kisu, kila herufi na wake, na herufi zikigongwa wakati chuma ni baridi bapa litapinda. Zigongwe kikiwa chekundu, kabla ya mafuta, na zisikaribie makali, kwa sababu kila kona ya herufi ni mahali pa ufa kuanzia.

Alikuwa ameshalifikiria. Mtu ambaye halijali hana majibu ya namna hiyo.

Tukakubaliana. Nilifunga ngumi juu ya kijiti, akakata alama zake mbili. Niliagiza kisu cha jikoni, bapa pana, mkono wa kulia, mpini wa afrormosia na shaba shingoni. Nililipa nusu, maana ndiyo desturi, na nusu hiyo hairudishwi mteja akibadili nia, kwa kuwa mpini uliopimwa ngumi ya mtu mmoja haumfai mwingine. Mihuri ya herufi ataichonga mwenyewe kutoka kwenye patasi ya zamani, ataanza na herufi za jina lake tu. Gharama ya mihuri nilitaka kuibeba. Alikataa: mihuri ni vyombo vya kazi, na vyombo vya kazi hununuliwa na mwenye kazi. Alichonitaka ni kimoja, nimwandikie jina lake kwa herufi kubwa juu ya kipande cha karatasi, kwa mwandiko ulionyooka, apate mfano wa kufuata. Akanitajia majina yake yote matatu, lile la babake likiwa la mwisho, akaniambia niache nafasi sawa kati ya herufi na herufi.

Siku ya kukichukua tulipanga Alhamisi mchana. Asubuhi haitafaa, alisema, kwa sababu asubuhi atakuwa na springi ya lori la mtu anayesafiri kwenda Banalia, na huyo alitangulia.